Tawi Juu ya Njia ya Benjamini

Watu wa siku hizi hawajui kuziba njia. Wanajua kufungua tu. Kila mwaka pori jipya linakatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, kila mwaka pikipiki zinachora vijia vipya ndani ya miombo, na anayepita leo hamfikirii atakayepita kesho.

Babu yangu mzaa baba alibeba mizigo ya watu kutoka hapa Tabora mpaka Ujiji, kabla reli haijafika. Alikuwa akisema safari ina watu wawili, wewe na anayekufuata. Msafara ulikuwa mrefu, wa mbele na wa nyuma hawaonani. Kiongozi alipofika njia panda na kuchagua njia moja, alivunja tawi bichi akalilaza kukatiza ile nyingine. Aliyechelewa kwa homa au kwa uzito wa mzigo alifika pale peke yake, hana wa kumuuliza. Aliliona tawi, akajua huku hakupitwi. Wapagazi wamekwisha, misafara imekwisha, na hata miti ya kuvunja tawi inakwisha. Mimi nilidhani desturi ile nimebaki nayo peke yangu na nitazikwa nayo. Ndiyo sababu nasimulia habari za Recheli.

Recheli ana duka la kudurufu na kuchapa karatasi pale Kanyenye. Barazani kwake ndipo ninapoweka cherehani yangu, kwa hiyo mengi ya maisha yake yamepita mbele ya macho yangu nikiwa nashona marinda ya watoto wa shule. Ni binti wa wakulima wa Sikonge, Mmoraviani, mwembamba, si msemaji. Ana tabia ya kufuta vumbi juu ya kompyuta kabla ya kumjibu mtu. Alisoma mpaka kidato cha nne, mengine amejifundisha, na katika hilo tunaelewana, maana mimi sikufika hata hapo. Kila asubuhi akifungua mlango husema, "Shikamoo, babu." Nalitaja hilo kwa sababu siku hizi shikamoo imekuwa kama mti wa mninga. Unaambiwa bado ipo, lakini uione wapi?

Mume wake aliitwa Benjamini. Alikuwa fundi wa sola, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusimulia, na kazi yake ilikuwa kufunga paneli vijijini. Kwenye simu yake alikuwa na programu ya ramani iitwayo Njiani. Inafanya kazi hata pasipo na mtandao. Unatembea, simu inakumbuka ulipopita, halafu ukipenda unawapa wengine mstari huo waufuate, na jina lako linabaki juu yake. Haikutengenezwa na kampuni. Aliianzisha mwalimu mmoja wa Kigoma anayeitwa Amne, na inaendelezwa na watu wachache wanaojitolea baada ya kazi zao. Ni programu huria. Maandishi yanayoiendesha, wenyewe wanayaita msimbo, yako wazi kwa kila mtu. Anayetaka anayasoma, anarekebisha penye kasoro, anamtumia Amne, naye anayakubali au anayarudisha. Benjamini aliponieleza, nilimwambia kumbe wako watu bado wanalimiana mashamba. Hapa mtaani hata kuchotewa ndoo ya maji na jirani kumekwisha.

Mwaka mmoja, katikati ya kiangazi, Benjamini alipata njia ya mkato ya kwenda vijiji vya upande wa Ulyankulu. Ilikatiza mbuga ya Kalemela. Kiangazi udongo mweusi wa Kalemela unakuwa mgumu kama sakafu, una nyufa tu za kukwaza gurudumu. Aliirekodi njia, akaitoa kwa wote. Watu walimsifu sana. Wajawazito wa ng'ambo, waliokuwa wakizungushwa kutwa nzima, walianza kupitishwa pale kupelekwa hospitali.

Machi iliyofuata alikuwa anapeleka betri kwenye kanisa la kijiji kimoja cha ng'ambo. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Majani ya mbuga yalikuwa yamempita mtu kimo, kijia chenyewe hakionekani. Kwenye simu kilionekana, mstari wa kijani, umenyooka, na jina lake mwenyewe juu yake. Mtu huziogopa nyayo za mwenzake. Zake haziogopi. Katikati ya Kalemela kuna mkondo ambao mwezi wa Agosti unaweza kuuvuka usijue kuwa umeuvuka. Pikipiki ilionekana kwanza. Yeye alipatikana baadaye, chini sana, penye matete. Nyayo za Agosti hazimvushi mtu Machi.

Matanga yalipokwisha Recheli alifungua duka. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikamsikia akiniita kwa sauti ndogo.

"Babu, bado inawaita watu."

"Nini inawaita?"

"Njia yake." Akanigeuzia kompyuta. Mstari wa kijani ulikuwepo, jina la Benjamini liko juu yake, mzima kama alivyouacha. "Mvua zikirudi, mgeni yeyote akiuliza njia ya huko, ataonyeshwa hii."

Hilo ndilo lililomkaa moyoni kuanzia siku hiyo. Hakutaka mvua nyingine ikute mstari ule uko wazi. Aliandika kwa Amne, na Amne akapiga simu. Sauti yake nikaisikia barazani.

"Pole, dada yangu. Sijui hata niseme nini. Naifuta leo hii."

"Ifute," Recheli akasema.

Bahati siku hiyo baba mkwe wake, Mzee Silasi, alikuwa ameketi kwenye benchi langu. Ni mfuga nyuki, anaishi Itetemia, na alikuwa amekuja kumwona mkwewe. Aliuliza kinachofutwa. Akaelezwa.

"Mwanangu nimeshamzika," alisema. "Leo mnataka nimzike tena? Hao wanawake wa ng'ambo kiangazi wapite wapi? Njia ile ni nzuri. Kosa ni la maji, si la njia."

Recheli alifuta vumbi kwenye kompyuta, akaendelea kufuta hata pasipo na vumbi, kisha akampigia Amne tena. Akamwomba aiache njia, ila ifungwe wakati wa maji.

"Haiwezekani, dada. Njiani haijui mambo ya msimu. Njia ipo au haipo, basi. Ili ijue, lazima mtu aandike hiyo sehemu, na mimi nina madaftari ya watoto yamenijaa mezani, na wenzangu wawili mwaka huu wameacha."

"Mtu gani aandike?"

"Yeyote anayeweza."

"Na asiyeweza?"

"Asiyeweza ajifunze. Mimi nilianza hivyo hivyo."

Alijifunza. Sitasema ilikuwa rahisi, maana nilimwona. Wateja wakipungua alisoma. Akidurufu vyeti alisoma. Mtaani walianza kusema mjane wa Benjamini kaolewa na kompyuta, na mama mmoja muuza vitumbua akamwuliza mahari imelipwa na nani. Recheli alinunua vitumbua vyake, akarudi kusoma. Kitu cha kwanza alichotuma Kigoma kilikuwa kidogo sana. Maandishi ya Njiani yalikuwa hafifu, juani hayasomeki, naye akayakoleza. Amne aliyakubali, na jina la Recheli likaingia miongoni mwa majina ya waliochangia, chini ya watu wa nchi ambazo sitazifikia. Nilimwona akilitazama jina lile kama mtu anayetazama nguo ya mwingine iliyomkaa vizuri.

Kisha akaingia kwenye kazi yenyewe. Alitaka njia ijifunge Novemba na kujifungua Mei.

"Mvua hiyo ina kalenda ya nani?" nilimwuliza. "Mwaka jana ilikuja lini? Na mwaka juzi?"

Ndipo nikamsimulia habari za babu yangu na tawi bichi. Sikumsimulia ili nimsaidie. Nilikuwa nanung'unika tu, kama kawaida yangu, kwamba zamani watu walijua. Lakini yeye aliacha kufuta vumbi.

"Kwa hiyo njia haikufutwa?"

"Nani afute njia? Njia ni ya waliopita. Unalaza tawi. Maji yakikauka, wa kwanza kuvuka salama analiondoa."

Akageukia kompyuta, akaandika mpaka jioni.

Alichoandika ndicho hicho. Mtu akikuta njia haipitiki, abonyeze. Kwenye ramani litatokea tawi, na Njiani haitamwongoza mtu huko mpaka tawi liondolewe. Amne aliyarudisha maandishi yale mara nyingi. Hapa sielewi. Hapa simu ya zamani itakwama. Hapa umeandika kitu kilekile mara mbili. Siku moja nilimkuta Recheli ameinamisha kichwa mezani.

"Anakusumbua tu huyo mwalimu," nikasema.

"Hapana, babu. Anausoma kila mstari. Tangu Benjamini afe, nani mwingine amenisikiliza mpaka mwisho?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu.

Mwezi wa Oktoba, kukiwa bado kukavu, Amne aliyakubali kwa majaribio, kwa watu wa huku Tabora tu. Recheli aliwaambia wafuga nyuki, mafundi sola na waendesha pikipiki. Walifurahi. Siku chache tu baadaye alifungua ramani, na pori lote la magharibi lilikuwa limejaa matawi. Kila kijia kimefungwa. Kulikuwa kukavu kiasi kwamba mbwa walilala kivulini ulimi nje, lakini kwa mujibu wa ramani ungedhani gharika imeshuka. Hata njia ya zahanati ilifungwa.

Aliyeanza alikuwa Lukumani. Huyu ni mfuga nyuki pia, anabeba asali kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu, mtu mzima mwenye mdomo. Alipopita barazani nilimsimamisha.

"Shikamoo, Mzee Anton."

"Marahaba. Nasikia umefunga pori la Mungu."

"Nimefunga mizinga yangu, mzee, sikufunga pori. Wezi wa asali siku hizi wanatembea na ramani. Nikaona hapa nimepata komeo la bure."

"Na wenzako?"

"Wenzangu waliona langu, wakaweka yao."

"Na njia ya zahanati?"

"Ile nilibonyeza vibaya."

"Wewe ungekuwa kiongozi wa babu yangu, watu wangefika Ujiji kwa kupitia Mbeya."

Tulicheka, hata muuza vitumbua alicheka. Recheli alitoka ndani, hakucheka.

"Kaka Lukumani, mtu akikuta matawi ya uongo kila mahali, ataacha kuyaamini. Siku akifika kwenye la kweli atalivuka."

Lukumani alimfahamu Benjamini; ndiye aliyeikokota ile pikipiki kutoka mbugani. Alivua kofia yake, akaikunja, akaondoka bila kuaga.

Amne alipiga simu siku ileile. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Dada, naliondoa tawi. Watu wamekwama kwa ajili yake. Na Kalemela naifuta kabisa. Huku Kigoma mvua zimeshaanza, kwenu ziko njiani. Siwezi kulala na mstari ule uko wazi."

"Nipe nafasi niandike upya."

"Utaandika nini kitakachowazuia watu kudanganya?"

Recheli alinitazama mimi, kana kwamba swali lilikuwa langu. Na kweli jibu nilikuwa nalo, ila haikuwahi kunijia kwamba ni jibu. Nikasema kwa sauti ili na yule wa Kigoma asikie: "Tawi halilazwi na aliyesikia. Linalazwa na aliyekwenda akarudi; hata kiongozi alifunga njia aliyowahi kuijaribu mwenyewe. Babu yangu alisema aliyelaza tawi bila kwenda mwenyewe alifukuzwa kwenye msafara."

Kisha Amne akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni babu. Fundi cherehani."

"Mwambie shikamoo." Na kwa Recheli akasema: "Simu inajua ilipo. Inaweza kujua kama mwenye kubonyeza alikwenda mpaka penye kizuizi na akageuka. Andika hivyo, jina lake lionekane pale, na anayeliondoa awe amevuka mwenyewe. Lakini sitaikubali kwa kuisoma peke yake. Mtu asimame pale Kalemela, aende, arudi, nione imefanya kazi. Mvua ya kwanza ikipita bila hilo, nafuta, na utanisamehe."

Aliandika. Halafu akabaki na lile jingine. Kalemela Recheli hakuwahi kufika. Mwili wa mumewe aliupokea nyumbani, na tangu hapo barabara ile hakuigeukia hata kwa kuitazama.

Mvua ya kwanza ilinyesha, kubwa kuliko ilivyotazamiwa, na kesho yake asubuhi Lukumani alisimamisha pikipiki yake ya magurudumu matatu mbele ya baraza. Alikuwa ameshusha ndoo zote za asali na kutandika gunia nyuma.

"Pandeni," alisema. "Hamna haja ya kuniangalia hivyo. Pandeni."

Tulimchukua Mzee Silasi kule Itetemia. Nilihesabu kwa macho mahali palipokuwa na miti nilipokuwa kijana, nikaacha, maana haikunisaidia. Kwenye njia panda, mahali ambapo kijia cha Kalemela kinaachana na barabara ya vumbi, palikuwa na kisiki cha mninga, na mbele yake mbuga, nyasi zimeungua na kuanza kuchipua. Kwa mbali, katikati, maji yaling'aa.

"Nipe simu, mayu," Mzee Silasi alimwambia, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Nitakwenda mimi. Nibonyeze wapi?"

"Baba, wewe ukipigiwa simu unakata."

"Nitajitahidi."

"Twende wote."

Walikwenda. Mimi miguu yangu haifai kwenye tope, nikabaki na Lukumani. Tuliwaona wakipungua, mzee na mkwewe, wakitembea mbali mbali kama inavyompasa mtu na mkwewe, kisha mwisho wakitembea karibu. Kwenye mkondo walisimama. Maji yalikuwa yanatembea. Hata kwa mbali ungeona yanakwenda. Mzee Silasi alivua kofia. Recheli aliinama, akaweka kiganja ndani ya maji, akakaa hivyo. Walichosema pale sikijui, na sikuuliza. Walikaa sana. Lukumani aligeuka akawa anakaza kamba ya pikipiki isiyohitaji kukazwa.

Waliporudi, Recheli alikuwa na tope mpaka magotini na uso wake ulikuwa umelowa. Alisimama penye kisiki, akatazama simu ikimtambua kuwa amekwenda na amegeuka. Akabonyeza. Tawi likatokea juu ya mstari wa kijani.

"Na wasio na simu?" Lukumani aliuliza. Alikuwa ameshachomoa panga. Alikwenda kwenye mti mmoja wa muyombo uliosalia, akakata tawi lenye majani, akalileta. Nilidhani atalilaza mwenyewe, lakini alimpa Recheli kwa mikono miwili, na Recheli akalilaza kukatiza njia. Alilirekebisha, ncha iguse nyasi upande huu na upande ule. Mimi niliwahi kusimuliwa jambo hilo tu. Kuliona sikuwahi.

Amne aliyakubali maandishi yale siku hiyohiyo tulipofika penye mtandao. Ukifungua Njiani kabla maji hayajakauka, utaona. Juu ya Kalemela pameandikwa mistari miwili mifupi: Njia hii imepitwa na Benjamini. Imefungwa na Recheli.

Katikati ya masika, kijana mmoja wa upande wa Ulyankulu, tope limemkaukia hadi kiunoni, aliingia dukani na karatasi zake. Hakunisalimu. Alianza kulalamika kabla ya kuvuka kizingiti.

"Dada, nidurufie haraka, nimechelewa vibaya mno. Nimezunguka barabara kubwa tangu alfajiri. Kuna mtu anaitwa Recheli sijui wa wapi, amefunga njia ya mkato. Nikafika, nikasoma jina, nikasema huyu naye ni nani wa kunizuia?"

Recheli alikuwa amesimama mbele ya mashine, ameipa mgongo.

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi. Ningefanyaje?"

Alichukua kitambaa chake, akafuta vumbi juu ya kioo cha mashine, taratibu, kutoka kona moja mpaka nyingine.

"Lete karatasi," akamwambia. "Nakala ngapi?"